Uji wa Nyumba Nzima

Mke wangu Mboni alipoulizwa kazi yake ni nini, alijibu, "Nauliza watu jana walikula nini." Wengi walicheka. Mjomba wangu mmoja wa Lindi alimwambia kazi hiyo hata yeye anaiweza, tena bila kwenda chuo.

"Haya mjomba," Mboni akasema, "jana ulikula nini?"

"Wali na samaki."

"Kabla ya hapo?"

"Chai."

"Chai na nini?"

Mjomba akafikiri. "Mihogo."

"Na ndani ya basi? Njia yote ile kutoka Lindi hukutia kitu mdomoni?"

Ndipo mjomba akakumbuka korosho, mayai ya kuchemsha aliyonunua dirishani, na nusu ya chungwa alilopewa na mama aliyekaa naye kiti kimoja. Mwisho akanigeukia mimi. "Hafidhi, huyu hukuoa mke. Umeoa polisi."

Mboni alifariki mwezi wa Rajabu. Waliokuja kutupa pole walimsifu kwa ucheshi wake, kwa swala zake na kwa mkono wake wa kupika. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyetaja uji, na mimi naona asiyeutaja uji hajamtaja Mboni. Ndiyo maana naandika. Nauza vipuri vya magari Gerezani, elimu yangu ni kidato cha nne, na mambo ya lishe ninayoyajua ni yale aliyonieleza yeye tukiwa mezani.

Alianzia chini. Alipotoka chuo Morogoro alipata kazi ya kupima watoto. Aliwaweka kwenye mizani, akawalaza kwenye ubao wa kupimia urefu, akawachoma kidole kuangalia damu, na jioni alirudi nyumbani blauzi imelowa machozi na mikojo ya watoto wa watu. Baadaye akawa wa kuuliza maswali, kisha msimamizi wa wanaouliza. Mwisho akawa yeye ndiye anayeamua nani apimwe, lini, na alinganishwe na nani. Kazi hiyo inaitwa tathmini. Alinieleza hivi: kupika uji ni kazi moja, kujua kama uji umemsaidia mtoto ni kazi nyingine, na si vizuri mpishi akaachiwa aonje peke yake halafu atangaze kwamba chakula ni kitamu.

Shirika lake lilikuwa na ofisi Upanga, karibu na ghorofa tunalokaa. Walikuwa na mradi wa unga wa lishe kwa watoto wadogo wa akina mama wanaofanya biashara Kariakoo. Mama wa sokoni anatoka alfajiri kuwahi mzigo. Mtoto anabaki na dada yake au na jirani, anashindia chai ya rangi na andazi mpaka mchana. Unga ule ulikuwa wa mahindi, soya na karanga, umeongezwa madini na vitamini. Shirika lilitaka kujua mtoto akiupata kila siku ataongeza damu au la, atarefuka au la. Wafadhili walikwisha kusema wazi: ukionekana unafaa, utapelekwa mitaa mingine; ukionekana haufai, utasimamishwa na fedha zitakwenda kwenye jambo jingine.

Mpango wa kulinganisha ulikuwa wa Mboni. Unga haukutosha wote, kwa hiyo nusu ya akina mama wangepewa na nusu wangesubiri, na watoto wa pande zote mbili wangepimwa mwanzoni na baada ya mwaka. Nani apewe kwanza? Mboni alikataa kuwaachia viongozi wa mtaa wapange. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba akapigisha kura uani mbele ya watu wote. Vikaratasi vilikuwa ndani ya kapu, kila mama akaingiza mkono wake mwenyewe.

"Hakuna nyumba itakayosema imenyimwa," aliniambia siku hiyo, amekaa kitandani anajikanda miguu. "Kila nyumba ina waliopata na ina waliokosa. Bahati tu."

Niliona ni haki. Mpaka leo naona ilikuwa haki.

Nyumba zenyewe ni zile za zamani za Kariakoo, chache zilizobaki katikati ya maghorofa. Ukumbi unakata katikati, vyumba viko kushoto na kulia, kila chumba na familia yake, na nyuma kuna ua mmoja ambako wote wanafua, wanapika na wanagombana. Mboni mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, Mtaa wa Narung'ombe, wazazi wake walipohamia kutoka Nachingwea. Kaka yake Sadalla bado anakaa pale.

Mwaka uliofuata watoto walipimwa tena. Jioni moja Mboni alirudi akavua viatu, akakaa sebuleni bila kuwasha taa. Nikamwuliza kulikoni.

"Hakuna tofauti, Baba Nunu."

Nunu ni binti yetu, ameolewa Mtwara. Tulizoea kuitana hivyo.

"Hakuna tofauti ya nini?"

"Waliopata unga na wasiopata, damu ni ileile, kilo ni zilezile. Unga haujafanya kitu."

"Labda haufai kweli."

"Labda," akasema. "Ndiyo maana tunapima."

Hakulia wala hakulalamika. Aliniambia wafadhili wangekutana baada ya wiki chache, na ripoti yake ndiyo ingefunga mradi. Aliniambia pia, kwa sauti ya kupita tu, kwamba nafasi ya mkuu wa kitengo cha tathmini ilikuwa wazi, na Daktari Eliasi, bosi wake, alikwisha kumwonyesha kwamba ni yake. Ripoti safi, jibu lililo wazi, kazi iliyokwisha kwa wakati. Mtu wa namna hiyo ndiye anayepandishwa cheo.

Ingeishia hapo kama si bakuli la Arwa.

Arwa ni jirani yetu, mlango unaotazamana na wetu. Watu wake asili yao ni Hadhramaut, ila yeye na babu yake wote wamezaliwa mjini hapa, na mumewe Suleimani ana duka la vitambaa Kariakoo. Kati ya Arwa na Mboni kulikuwa na bakuli moja la kauri, lenye maua ya buluu, ambalo nadhani hata wao walisahau ni la nani. Lilikuja kwetu na sambusa, likarudi kwake na mihogo ya nazi. Lilikuja na bokoboko, likarudi na visheti. Kulirudisha tupu haikuwezekana, ingekuwa kama kumfungia mtu mlango usoni.

Jumamosi moja Mboni alikuwa ameliosha bakuli lile, amelikausha, anazunguka nalo jikoni akitafuta cha kutia. Ghafla akasimama.

"Baba Nunu, jana nilikula nini?"

Nikacheka. "Leo polisi anajihoji mwenyewe?"

"Nijibu."

"Chai na mkate. Mchana sijui, ulikuwa ofisini. Usiku wali na maharage."

"Na?"

"Na sambusa za Arwa."

"Nani alizinunua nyama zake?"

"Arwa. Au Suleimani. Mimi nitajuaje?"

Akaliweka bakuli mezani polepole, kama lina kitu cha moto ndani. Kisha akasema, "Kesho asubuhi twende Narung'ombe. Nataka kwenda kama mgeni. Sichukui kalamu."

Tulifika Jumapili, jua halijawa kali. Hatukwenda kwa Sadalla, tulikwenda nyumba ya jirani, kwa Candida, mama wa Masasi anayeuza dagaa na karanga sokoni. Candida ni Mmakua na Mboni ni Mmwera, kwa hiyo ni watani, na utani wao haukuwa na adabu.

"Hodi hapa!" Mboni akaita ukumbini.

"Hatununui kitu!" Candida akajibu kutoka uani. "Wamwera rudini kwenu mkale panya!"

"Panya wote mmeshawamaliza nyinyi. Tumekuja kuwalilia."

"Karibu, mchawi. Shemeji, karibu na wewe. Pole kwa mzigo uliooa."

Uani kulikuwa na sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, ile ya kupikia shughuli. Ndani ulichemka uji, na kwa harufu ya karanga hata mimi nilijua ni unga gani. Candida alikuwa mmoja wa waliopata kwenye kura. Pembeni yake, Scholastika alikuwa anapepea mkaa. Scholastika anashona sare za shule katika chumba cha mbele, na kwenye kura alikosa.

Watoto wakaanza kutoka milangoni, kila mmoja na kikombe chake, na wengine wanaburuta wadogo zao. Candida alichota bila kuangalia ni wa nani. Scholastika akatia sukari. Mwanamke mwingine akaleta maziwa ya pakiti, akakata kwa meno, akamimina ndani ya sufuria.

Tukapewa na sisi. Mboni alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Candida, mtani wangu," akasema, "huu si unga wa mtoto wako?"

Kelele za uani zikapungua. Scholastika akaacha kupepea.

"Ni wake," Candida akasema. "Na anakunywa, si huyo hapo? Tumbo kama ngoma."

"Na hawa?"

"Hawa je?"

"Walikuwa wanakunywa tangu mwanzo?"

Candida akaweka upawa chini. Nikaona utani umemwishia. "Mboni, waliotuletea unga walituambia ni wa mtoto aliyeandikwa tu, anayegawa anafutwa. Tukaitikia ndiyo. Sasa niambie wewe, uliyekulia hapo jirani. Wangu ananyonya kikombe, wa Scholastika amesimama anamtazama, mimi nageuza uso naangalia ukuta? Naweza kuishi uani hapa?"

"Huwezi."

"Basi."

"Unga unakutosha mwezi?"

"Haunitoshi. Ukiisha tunachanga, tunasagisha wenyewe, mahindi na karanga zangu za sokoni. Siyo kama wenu, lakini ni uji. Na Scholastika ndiye ananilelea huyu mtoto nikiwa sokoni, ujue. Sasa mkamfute nani?"

"Sikuja kufuta mtu," Mboni akasema.

Scholastika akazungumza. "Dada, mimi niliulizwa kama nimepokea unga. Nikasema sijapokea. Sikudanganya, eti?"

"Hukudanganya."

"Wakauliza mtoto jana alikula nini. Nikasema uji. Wakaandika uji."

"Ni sawa. Ulijibu vizuri. Aliyeuliza ndiye aliyekosea."

"Aliyeuliza alikuwa msichana mmoja mpole sana."

"Aliyemtuma," Mboni akasema, akaunywa uji wake wote mpaka chini.

Tulirudi kwa miguu, tukakatiza mitaa iliyoanza kujaa mikokoteni. Mboni alinieleza njia nzima, na namna alivyonieleza nilielewa mara moja. Kama watoto wa uani wote walikunywa uji uleule, lazima wangeonekana sawa. Na kama uji haufai, wangeonekana sawa vilevile. Yeye aliyaona matokeo ya kufanana akaandika kwamba haufai, wakati kwa mpango wake hakuna awezaye kujua. Alitaka nyumba zisinung'unikie kura, akaugawa ua katikati kwa karatasi, na ua haugawanyiki.

"Mimi nimelelewa kwenye ua ule," akasema. "Nilikuwa nakula mlango wowote. Mama alikuwa haulizi kama nimekula, anauliza nimekula kwa nani. Nilikwenda chuo nikajifunza kulisahau."

"Kwa hiyo unga unafaa?"

"Sijui!" Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya sebule yenye giza. "Hilo ndilo baya zaidi. Bado sijui."

Siku chache baadaye Daktari Eliasi alikuja nyumbani. Ni mtu mzuri, nisimsingizie. Alikula kaimati, akamsifia Mboni, kisha akaingia kwenye lililomleta.

"Dada Mboni, nimesoma ulichoniandikia. Nakubaliana nawe. Lakini kuna sura ya mapungufu mwishoni mwa ripoti. Tia pale. Mistari miwili, mitatu."

"Nani anasoma mapungufu, Daktari?"

"Mimi nasoma."

"Wewe unasoma kwa sababu na wewe unayaandika."

Eliasi akacheka, akapangusa vidole. "Sikiliza. Ukiiweka mbele, unawaambia wafadhili kwamba mwaka mzima na fedha zote zile havikutoa jibu. Na kwamba aliyepanga ni wewe. Watauliza kwa nini tukupe kitengo kizima."

"Ni swali zuri. Waulize."

"Mama Nunu." Alisema hivyo kwa upole kabisa. "Ukinyamaza hakuna mtu atakayejua."

"Mradi utafungwa."

"Miradi inafungwa kila siku."

"Inafungwa kwa kuwa haikufaa. Huu utafungwa kwa kuwa akina mama wa Kariakoo hawakukubali kunyima watoto wa jirani. Halafu mwingine ataisoma ripoti yangu, kule Mbagala au Tandika, aseme unga wa namna hii ulishajaribiwa Dar, haufai. Na jina la chini ni langu."

Eliasi alinitazama mimi, kama mtu anayeomba msaada kwa mume. Nikamwongezea chai.

Mboni aliliandika ukurasa wa kwanza. Sikuwapo kwenye mkutano, ila alinihadithia jioni yake, akiwa amevaa kanga, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alisimama akawaambia kwamba mpango ulikuwa wake, kosa lilikuwa lake, na ripoti haiwezi kutumika kusema unga unafaa wala haufai. Akawaeleza habari ya sufuria. Mzungu mmoja akauliza kwa nini akina mama wasihimizwe zaidi kutogawa. Mboni akamwambia tabia ile ndiyo inayowafanya watoto wafike jioni salama mama zao wakiwa sokoni, na hakuna unga wa kuifidia ikivunjika. Akaomba mzunguko mmoja zaidi, kura ipigwe tena, lakini safari hii nyumba na nyumba, siyo mtu na mtu. Nyumba nzima ipewe unga wa kutosha sufuria, nyumba nyingine isubiri.

"Wakasemaje?"

"Walikasirika. Halafu wakatoka nje wakanywa chai. Halafu wakasema mzunguko mmoja, wa mwisho."

"Na kitengo?"

"Maji yamepoa, niongezee ya moto."

Kitengo alipewa Suud, kijana aliyetoka ofisi nyingine, na Mboni akafanya kazi chini yake bila kinyongo ninachokijua. Kura ilipigwa. Safari hii zipo nyumba zilizonung'unika, na Candida na wenzake walikuwa miongoni mwa waliokosa. Candida alimtukana Mboni matusi ya utani na yasiyo ya utani, kisha wakaenda kununua mahindi pamoja. Mboni alikuwa anapita Narung'ombe kila alipopata nafasi. Aliporudi nilimwuliza amekula nini huko, na alinitajia vyote kwa mpangilio.

Ugonjwa ulimwanza watoto wakiwa wanapimwa mara ya pili. Sitaki kuandika habari za hospitali. Alilala muda, tukapata nafasi ya kuzungumza, na hilo namshukuru Mungu. Siku moja alisema anachukia jambo moja tu, kuondoka kabla hesabu haijatoka. Nikamwambia itatoka nzuri. Akanikunjia uso. "Usiniombee nzuri, Baba Nunu. Niombee ya kweli."

Arobaini yake tuliisoma Narung'ombe, nyumbani kwa Sadalla. Baada ya dua masinia ya pilau yalishushwa uani, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa watoto wa majirani kama ilivyo kawaida. Candida na Scholastika walikuwa kwenye masufuria tangu alfajiri, mmoja Mkristo wa Masasi, mwingine wa Songea, vichwa wamevifunga kanga. Candida hakuwa na utani siku hiyo. Alinipa sahani yangu mkononi akasema, "Kula, shemeji," basi.

Nikiwa nakula akaja Badria, msichana wa ofisini kwa Mboni. Ndiye yule mpole aliyekuwa akiuliza maswali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Baba, hesabu zimetoka. Nimeona nikuletee mwenyewe."

Nikaweka sahani chini.

"Damu imepanda," akasema. "Kwenye nyumba zilizopata, wenye upungufu wa damu wamepungua sana kuliko nyumba zilizosubiri. Hilo halina ubishi. Ila urefu…"

"Sema tu."

"Urefu haukubadilika. Uji peke yake hautoshi. Bado hatujui ni nini, maji labda, au maradhi ya tumbo. Suud ametaka yote mawili yaandikwe ukurasa wa kwanza. Amesema ndivyo inavyofanywa hapa."

"Na unga?"

"Unaendelea. Nyumba zilizosubiri zinaanza mwezi ujao. Na nyumba ya kina Candida, hapo jirani, imo."

Nikamwashiria akae. Akakaa mkekani. Scholastika akaja kutunawisha mikono.

Jioni nilirudi Upanga. Jikoni lilikuwepo bakuli la maua ya buluu. Arwa alikuwa amelileta na supu siku zile za matanga, na tangu hapo lilikaa juu ya kabati kwa sababu mimi sijui kupika kitu cha kumpa mtu. Nikalijaza pilau ya arobaini, nikatia kachumbari pembeni kama nilivyomwona Mboni akifanya, nikabisha hodi.

Arwa alifungua, akalitazama bakuli, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kaka Hafidhi, la msiba halirudishwi na kitu."

"Najua, dada. Lakini nikilirudisha tupu atanijia ndotoni."

Akacheka huku analia. Akalipokea, akasimama nalo mlangoni, akanikagua kama wanavyomkagua mtu anayekaa peke yake.

"Na wewe je? Leo umekula nini?"

Nilitaka kusema nimekula tu, alhamdulillahi, yaishe. Kisha nikaegemea ukuta, nikaanza tangu asubuhi: chai niliyochemsha mwenyewe, kitumbua nilichopewa na jirani yangu wa dukani Gerezani, uji nusu kikombe alionipa Candida, akisema umebaki…